Nyumba Ni ya Nani? Daftari la Safari ya Chawton

Treni ya Alton huondoka stesheni ya Waterloo, London, na safari yake ni saa moja na ushei. Hupita Woking, Aldershot na Farnham, halafu inaishia hapo Alton. Nilishuka na abiria wachache, nikajifunga mtandio vizuri shingoni, nikaulizia njia ya kijiji cha Chawton, mkoani Hampshire. Mwezi wa tano kwao ni mwezi wa maua, lakini kwa mtu aliyezaliwa Lamu na kufanya kazi Mombasa, ubaridi ule wa asubuhi huingia hadi mifupani. Nilikwenda kwa miguu kiasi cha dakika arubaini, mashamba ya kijani huku na huku, mpaka barabara ikaniingiza kijijini.

Kitu cha kwanza kunisimamisha kilikuwa mapaa. Baadhi ya nyumba za Chawton zimeezekwa kwa nyasi kavu, nene kama godoro, zilizokatwa kingo zake sawasawa kama nywele za mtoto wa sikukuu. Kwetu mtu akipata fedha huondoa makuti akaweka mabati, na jirani husema mambo yake yamemnyookea. Kule nyumba ya paa la nyasi ni fahari ya mwenyewe, na fundi wa kuezeka huitwa kutoka mbali. Kitu ni kilekile, heshima yake imegeuka kwa kubadilika mahali. Niliandika hilo daftarini kabla sijafika nilikokuwa nikienda, na siku nzima liliendelea kunirudia.

Nilikuwa nikienda kwenye nyumba ya Jane Austen, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki 1817 akiwa na umri wa miaka 41. Kilichonipeleka ni swali la darasani. Mwaka jana tulikuwa tukisoma Utendi wa Mwana Kupona, nasaha za mama wa pwani yetu kwa binti yake kuhusu dini, adabu na mume. Msichana mmoja akafunga kitabu akasema, "Mwalimu, huyu mama alikuwa akimfundisha mwanawe utumwa." Wenzake wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo mwingine, aliyekuwa akisoma Pride and Prejudice ya huyu Jane, akanilalamikia kwamba wasichana wa humo hawana kazi ila kungojea wachumba. Niliwajibu wote wawili kwa jibu ambalo walimu tunalo tayari: zama zile ndivyo mambo yalivyokuwa.

Jibu hilo liliwanyamazisha, mimi halikuniridhisha. Zama zenyewe sikuwa nimezieleza. Nilikuwa nimezitumia kama pazia la kuficha swali.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, ghorofa moja juu, madirisha meupe, imekaa pembeni kabisa mwa njia panda. Jane aliingia humo mwaka 1809 pamoja na mama yake, dada yake Cassandra na rafiki yao Martha Lloyd. Wanawake wanne, hakuna hata mmoja mwenye mume. Leo ni makumbusho, na wanaokupokea ni watu wa kijijini waliojitolea. Aliyenizungusha mimi alikuwa bibi wa makamo, mpole, aliyezungumza juu ya Jane kama mtu anayemzungumzia shangazi yake.

Sebuleni alinionyesha ukuta wa upande wa barabara. Palikuwa na dirisha pale, akaniambia, likazibwa kwa matofali ili wapita njia wasiwaone waliomo ndani, na badala yake likafunguliwa jingine linalotazama bustani. Nilisimama pale muda mrefu kuliko alivyotarajia. Nyumba za mawe za Lamu zimeipa barabara mgongo. Unapita katika vichochoro vyake kati ya kuta ndefu zisizo na kitu, na mwanga, hewa na mazungumzo viko ndani, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani. Wanafunzi wangu huamini kwamba kumficha mwanamke na macho ya njiani ni jambo la pwani yetu pekee. Ningependa wauone ukuta ule wa Hampshire na alama ya dirisha lake.

Katika chumba cha kulia, karibu na dirisha, kimewekwa kimeza cha mti wa jozi chenye pembe kumi na mbili na mguu mmoja katikati. Hapo ndipo inapoaminika Jane aliandikia. Nilikipima kwa macho: sinia yetu ya pilau ingekifunika chote. Mpwa wake, aliyeandika habari za maisha yake baadaye, alisimulia kwamba aliandika kwenye vipande vidogo vya karatasi vinavyofichika upesi, na kwamba mlango mmoja uliokuwa ukilia kila unapofunguliwa hakutaka utengenezwe, kwa kuwa mlio wake ulimpa habari kwamba mtu anakuja. Pembeni ni kabati la ukutani. Familia yao ilisimulia kwamba kazi ya Jane ya asubuhi ilikuwa kuandaa kifungua kinywa na kutunza chai na sukari, ambavyo kwa thamani yake vilifungiwa kwa ufunguo. Kazi nyingine za nyumba Cassandra na Martha walimpunguzia. Ule ufunguo wa chai ndio uliokuwa wadhifa wake nyumbani, na saa walizomsitiri wenzake ndizo zilizotupatia riwaya.

Nikamwuliza yule bibi swali ambalo mtu wa Lamu huliuliza bila kufikiri: nyumba hii ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya kaka yao, Edward. Jamaa matajiri wa ukoo wa Knight, waliokosa mtoto, walimchukua Edward akiwa kijana wakamfanya mrithi wao, naye akapata mashamba makubwa Kent na Hampshire pamoja na jumba kubwa la Chawton lililo mwendo mfupi kutoka pale. Baba yao, aliyekuwa kasisi, alifariki Bath mwaka 1805, na pato lake likaenda naye. Mama na mabinti wakaishi kwa michango ya wana wa kiume, wakihama makazi ya kupanga, mpaka Edward alipowapa nyumba hii wakae. Cassandra alikuwa na faida ya paundi 1,000 alizoachiwa na mchumba wake aliyefia visiwa vya Karibi mwaka 1797. Jane hakuwa na chochote. Pride and Prejudice ilipotoka mwaka 1813, haki zake zote alikuwa ameziuza kwa paundi 110, naye alitamani 150. Jina lake halikuwamo kitabuni. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1811, ilisema tu kwamba imeandikwa na bibi mmoja, na shughuli za wachapishaji zilipitia kwa kaka mwingine, Henry.

Nilipotoka bustanini nilikaa kwenye benchi nikaisoma upya akilini ile riwaya ambayo mwanafunzi wangu aliikasirikia. Bwana Bennet ana mabinti watano na shamba linaloingiza paundi 2,000 kwa mwaka. Shamba hilo limefungwa kwa masharti ya mirathi lisirithiwe ila na mwanamume, na mwanamume wa karibu ni binamu, kasisi Collins. Siku baba atakapofumba macho, Collins ana haki ya kumtoa mama na mabinti zake nyumbani. Kila binti atabakiwa na fungu la paundi 1,000, nalo mpaka mama yao afe. Faida yake ni kama paundi 40 kwa mwaka. Mama yao tunamcheka kwa kuhangaikia waume wa mabinti kila ukurasa. Lakini katika nyumba nzima yeye ndiye anayetembea akijua kwamba dari iliyo juu ya vichwa vyao si yao.

Na nje ya ndoa kulikuwa na nini? Vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa kwa wanawake: Oxford haikuwapa digrii mpaka 1920, Cambridge mpaka 1948. Kwa binti wa tabaka lile kazi ya heshima ilikuwa karibu moja tu, kuishi katika nyumba ya watu akiwafundisha watoto wao, kati ya watumishi na wenye nyumba na asiwe wa huku wala wa kule. Ndani ya ndoa nako sheria ilimhesabu mke na mume kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha za mke na vyombo vyake vikawa vya mume siku ya harusi. Matajiri walizungusha baadhi ya mali kwa mikataba ya ndoa, wasio na mawakili hawakuweza. Talaka kamili kabla ya 1857 ilihitaji sheria ya bunge kwa kila kesi. Haki ya mke kumiliki mali yake kwa ukamilifu ilikuja na sheria ya 1882, miaka 69 baada ya kitabu kuchapishwa.

Kwa hesabu hiyo nilimwelewa Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mmoja wa wale mabinti wa Bennet. Charlotte ndiye anayekubali kuolewa na yule Collins asiyempenda. Ana miaka 27, hana mali, na kaka zake wanaona kuwa atawaelemea. Wanafunzi wangu humwita mwoga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Charlotte hakununua mapenzi, alinunua paa, na alijua bei. Elizabeth naye, anayemkataa Collins huyohuyo, tunamshangilia kwa wepesi mno, kwa sababu tunasahau kwamba kwa neno lile aliweka rehani nyumba ya mama yake na ya dada zake wanne. Ukijua ukubwa wa chumba ndipo unapoona nani ndani yake aliyenyoosha mkono mpaka ukagonga ukuta.

Jane mwenyewe alipita mtihani huo. Desemba 1802, akikaribia kutimiza umri uleule wa Charlotte, miaka 27, alichumbiwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa shamba kubwa la jirani. Alikubali jioni. Asubuhi alikataa, akaondoka. Alichokikataa ni usalama wake na wa mama na dada yake. Alichokipata ni miaka kadhaa ya kuhamahama, kisha kile kimeza.

Hapo ndipo nyumbani kulipokuja kunikalia begani. Nyumba niliyozaliwa Lamu ni ya mama yangu. Aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Katika nyumba za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumjengea tabaka juu ya ile ya wazazi, na jirani na jirani wakaunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka kichochoro juu ya vichwa vya wapita njia, ili mama na binti watembeleane bila kushuka barabarani. Mume ndiye anayehamia. Zile zidaka za chokaa ukutani, zenye sahani za kigeni, mwenyewe ni mke. Mahari ni yake, anayeilipa ni mwanamume. Mali aliyokuja nayo hubaki yake kwa sheria ya dini, na mirathi ana fungu lake lililotajwa, ijapokuwa ni nusu ya fungu la kaka yake. Kwa hiyo mwaka 1812, Jane alipouza kitabu chake kwa paundi 110, kulikuwa na wanawake Lamu wenye nyumba za mawe kwa majina yao, na mke wa Kiingereza hakuwa na haki ya kumiliki bakuli alilonunua.

Ningeweza kufunga daftari hapo nikarudi nyumbani na kujisifu. Lakini yule bibi alinipeleka nyuma, kwenye chumba cha tanuri la mkate, ambako kumehifadhiwa kigari cha kukokotwa na punda alichopanda Jane alipodhoofika. Nilifurahi kumkuta punda katika hadithi, maana Lamu bila punda haijengwi wala haipakii. Nikiwa pale jikoni nikaona kile ambacho vitabu vyote viwili vinapita juujuu. Nani aliyewasha tanuri? Na sukari aliyoifungia Jane kabatini ilitoka wapi? Ilitoka Karibi, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, utumwa wenyewe ukaendelea katika makoloni yake mpaka miaka ya 1830. Katika Mansfield Park, riwaya yake ya 1814, familia inaishi kwa mali inayotoka Antigua. Binti mmoja anauliza habari za biashara hiyo ya watumwa, na chumba kinanyamaza.

Na Lamu? Bibi zetu walikaa ndani, wakanukia udi, kwa sababu wanawake wengine walichota maji, wakatwanga, wakalima bara. Mwana Kupona mwenyewe anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Tunapopima nafasi ya mwanamke katika fasihi ya kale, tuulize pia ni mwanamke yupi. Aliyeko sebuleni na aliyeko jikoni waliishi zama moja, lakini hawakuwa na zama zilezile.

Jioni, katika chumba cha kupanga pale Alton, nilimtoa Mwana Kupona mkobani nikamsoma kwa macho ya siku ile. Alikuwa mjane wa Shehe Mataka wa Siu, mtu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Alitunga utendi wake mnamo 1858, mgonjwa, akijua kwamba siku zake zimebaki chache, na miaka miwili baadaye alikuwa ameshafariki. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na miaka kama kumi na saba. Jambo la kwanza analomwambia ni akae karibu, alete wino na karatasi. Nimefundisha ubeti ule mara nyingi bila kusimama. Msichana wa miaka kumi na saba, mwaka 1858, anaitwa na mama yake aje aandike! Mama anamwachia mtoto asiye na baba, na muda si mrefu hatakuwa na mama, silaha zote anazozijua: dini, ulimi mzuri, adabu kwa wakubwa na wadogo, na namna ya kuishi kwa amani na mtu atakayekuwa ngome yake. Mwanafunzi wangu aliona kamba. Mimi usiku ule niliona mama anayemfungia mwanawe mzigo wa safari, akitia ndani kile kilichopo ghalani.

Hata hivyo sitaki zama ziwe msamaha wa kila kitu. Kila zama na kitabu chake, wanasema wazee, lakini hakuna zama zenye kitabu kimoja. Mwaka 1792, Jane akiwa na miaka 16, Mwingereza mwenzake Mary Wollstonecraft alikwisha kuchapisha kitabu kilichodai wasichana wasomeshwe kama wavulana, wasilelewe kuwa mapambo. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa wakati ule hawakujua, hajawauliza wote. Mtunzi anayestahili kulaumiwa kwa kipimo cha zama zake mwenyewe ni yule aliyeusikia ubishi huo akaziba masikio, akauchora ukuta kwa maua na kutuambia kwamba hapana ukuta. Jane aliuweka ukuta katikati ya kitabu, kwa hesabu za paundi. Ule wasia wa Mwana Kupona kuhusu watumwa siutetei, na darasani nitausoma kwa sauti kama ninavyousoma ubeti wa wino na karatasi.

Siku ya pili nilipanda basi kwenda Winchester, mji ambako Jane alipelekwa kutafuta tiba na akafia. Amezikwa sakafuni mwa kanisa kuu. Jiwe lake jeusi linasifu wema wake, imani yake, na vipaji vya akili yake. Nililisoma mara mbili, polepole, nikitafuta neno riwaya au kitabu. Halimo. Bamba la shaba linalomtaja kuwa mwandishi liliwekwa ukutani mwaka 1872, miaka 55 baada ya maziko. Nilipokwenda kunywa chai nililipa kwa noti ya paundi 10, na uso wake ulikuwa juu yake, ulivyowekwa mwaka 2017. Mwanamke aliyekaa katika nyumba ya kaka yake kwa hisani sasa anapita mkononi mwa kila muuza chai.

Mwanafunzi wangu nitamwambia kwamba hasira yake ina haki, aitunze, ila asiitume kwa mtu kabla ya kujua anuani. Nawe msomaji nakuomba hivyohivyo. Ukifungua riwaya au utendi wa kale, kabla ya kumwita mwanamke aliyemo mwoga, mtumwa au shujaa, ingia kwanza ndani, hesabu milango iliyokuwa wazi, tazama ni nani aliyeko jikoni, kisha uliza: nyumba hii ni ya nani?